Kikamba Nje ya Ukambani na Ndani Yake: Historia ya Uchunguzi wa Lugha na Suala la Udumishaji Wake katika Kitui na Makueni

Mtu atakaye kujua jinsi Kikamba kilivyochunguzwa tangu karne ya kumi na tisa hukutana mapema na jambo la kushangaza kidogo. Kazi mbili za kwanza zenye uzito juu ya lugha hii hazikuanzia Kitui, wala Makueni, wala Machakos, bali zilianzia kwa Wakamba waliokuwa wamekwisha kutoka kwao. Ya kwanza ilianzia Rabai, nyuma ya Mombasa. Ya pili Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, Tanzania ya leo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanzo huo haukuwa bahati tu. Uchunguzi wa Kikamba umefuata kwa muda mrefu njia za wageni, yaani njia ya msafara, kituo cha misheni na njia ya reli. Na kwa sababu hiyo swali lililo zito kuliko yote kwa uhai wa lugha, kwamba watoto husema nini nyumbani, limekuwa likiwekwa kando mahali pale pale ambapo lugha ina wenyewe wengi.

Kwanza yafaa kueleza istilahi. Kwa kuhama lugha tunakusudia hali ya jamii kuiacha lugha yake kidogo kidogo na kuchukua nyingine katika shughuli zile zile ambazo zamani zilikuwa za lugha ya kwanza. Kudumisha lugha ni kuendelea nayo ingawa lugha nyingine yenye nguvu imesimama karibu. Joshua Fishman alipoyaweka mambo haya mawili pamoja kama uwanja mmoja wa utafiti, mwaka 1964, alisisitiza kwamba lazima tuulize nani anasema lugha gani, mahali gani na katika jambo gani. Kuhesabu wasemaji peke yake hakutoshi.

Tuanze na Krapf. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akaweka kituo Rabai. Wakati huo Wakamba wafanyabiashara walikwisha kuwa na makao jirani na Wamijikenda, nao walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Kwa hiyo Krapf alikisikia Kikamba kabla ya kuiona Ukambani. Mwaka 1849 alisafiri hadi Kitui, akakaribishwa kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa huko, aliuona mlima wenye theluji. Mwaka 1850 msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki ulichapishwa huko Tübingen, Kikamba kikiwa miongoni mwake pamoja na Kiswahili, Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, kama alivyoziita; na Injili ya Marko kwa Kikamba ikatoka mwaka huo huo, mji ule ule. Alirudi Ukambani mwaka 1851. Katika safari ya kuelekea mto Tana Kivoi aliuawa, naye Krapf akaponea chupuchupu. Mpango wa kuweka misheni Ukambani ukaishia hapo.

Jina la mlima ule linatufaa hapa kwa sababu ya kiisimu. Wagikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Wakamba husema Kĩĩnyaa. Tofauti ina kanuni. Kikamba kimezidondosha konsonanti kadhaa baina ya irabu ambazo Kigikuyu kimezihifadhi: mbuzi ni mbũri kwa Kigikuyu na mbũi kwa Kikamba, shamba ni mũgũnda kwa Kigikuyu na mũũnda kwa Kikamba. Matokeo yake ni lugha yenye irabu nyingi zinazofuatana, fupi na ndefu, katika mfumo wa irabu saba. Krapf aliandika Kegnia, na katika kuandika huko yaonekana jinsi sikio lililozoea irabu tano za Kiswahili linavyohangaika. Nchi nzima leo ina jina lililopitia katika sikio hilo.

Kazi ya pili ni sarufi ya J. T. Last, iliyotoka London mwaka 1885. Last alikuwa mmisionari wa CMS aliyekaa Mpwapwa na Mamboya, na karibu na Mamboya walikuwako Wakamba waliolowea. Hivyo sarufi ya kwanza ya Kikamba iliyochapishwa ni ya msemaji aliye mbali na kwao, aliyezungukwa na Kikaguru na Kiswahili cha misafara. Sisemi kwamba kazi hiyo haina thamani. Nasema kwamba aisomaye leo na kuichukua kuwa ni Kikamba cha Kitui cha zamani anajitafutia matatizo.

Kabla ya kuingia Ukambani kwenyewe, inafaa tutazame mfano wa kale zaidi, kwa kuwa unaeleza vizuri kuliko mingine yale yanayoipata lugha inaposafiri. Kikamba, Kigikuyu, Kiembu, Kitharaka na Kimeru ni lugha za kundi moja. Mwanachama mwingine wa kundi hilo yuko mbali sana na wenzake: ni Kidaiso, kisemwacho Bwiti na Daluni, chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Derek Nurse, aliyekichunguza kwa makini na kukilinganisha na masimulizi ya wazee, alionyesha katika makala yake ya 1982 kwamba Wadaiso na Wasegeju wana historia inayoshikana. Wasegeju wanatajwa mapema. Mreno João dos Santos alieleza jinsi walivyoisaidia Malindi kuwashinda Wazimba mwaka 1589. Baadaye walishuka kusini, wakaingia katika siasa za Vumba, wakaoana na Wadigo na Waswahili, wakasilimu.

Leo Wasegeju wengi wa pwani, kuanzia kusini mwa Kwale hadi kaskazini mwa Tanga, husema Kidigo au Kiswahili cha upande huo. Jina limebaki, lugha imekwenda. Wadaiso, ambao ni wachache sana, walikaa na lugha yao kwa karne kadhaa, ingawa ina dalili nyingi za kuathiriwa na majirani, nayo sasa imebanwa sana na Kiswahili. Hapa ndipo pa kutua. Watu wenye asili iliyo karibu, wakiwa umbali wa mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu, walipatwa na mambo mawili tofauti. Kwa maoni yangu sababu haikuwa idadi, kwa maana wale waliokuwa wachache ndio waliodumu. Wasegeju wa pwani waliingia katika miji na ndoa na dini ambamo lugha nyingine ilikuwa na kazi zote. Wadaiso walibaki wakulima katika vijiji vyao wenyewe, na ndani ya kijiji hapakuwa na kazi iliyodai lugha nyingine. Kazi hizo zilipokuja, pamoja na shule na serikali, lugha ikaanza kutikisika nayo pia.

Tukirudi Ukambani, uchunguzi wa kukaa mahali ulianza Kitui, nao ulikuwa wa Kijerumani. Wamisionari wa Kilutheri waliokuwa wameanzia Jimba, karibu na Rabai, katika miaka ya 1880, na ambao kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig, walifungua Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1899. Katika vituo hivyo lugha ilichukuliwa kwa uzito. Hofmann alitayarisha kamusi ya Kikamba kwa Kijerumani, na Ernst Brutzer akachapisha mwongozo wa lugha hii huko Berlin mwaka 1906. Kabla ya vita Msweden Gerhard Lindblom naye alikaa miongoni mwa Wakamba; kitabu chake juu ya Wakamba kilitoka Uppsala mwaka 1916, kikafuatwa na maelezo ya sarufi mwaka 1926 na juzuu za ngano baadaye. Mkusanyo wa Lindblom ungali hazina kubwa ya Kikamba cha simulizi.

Mwaka 1914 vita vikaanza, na Wajerumani waliokuwa katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza wakawa maadui. Vituo vya Kitui vikapita mikononi mwa Africa Inland Mission, ambayo sisi tunaiita kwa ufupi AIM. Tukio hili hutajwa katika historia za makanisa kwa mstari mmoja au miwili. Kwa historia ya lugha lina uzito zaidi ya hapo, kwa sababu AIM ilikuwa na mwanzo wake upande wa pili wa mto Athi. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wake, alikuwa ameweka kituo cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895. Akafa huko huko Desemba 1896, na misheni ikanusurika kuvunjika. Baadaye ilipopata nguvu vituo vyake vya Ukambani vilikuwa Machakos, Kangundo, Mbooni na jirani zake. George Rhoad wa Mbooni alikuwa mmoja wa wale waliofanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi. Agano Jipya likatoka mwaka 1920, kamusi ya kamati ya lugha ya AIM mwaka 1939, na Biblia nzima mwaka 1956. Lugha ya maandishi iliyotokea ilikuwa ya Ulu, na hasa ya Machakos, ambako pia serikali ilikuwa na boma lake na reli ilipita karibu.

Wanafunzi wa lahaja kwa kawaida hutaja usemi wa Masaku, wa Kitui, wa Kilungu na wa Mumoni. Wasemaji wa sehemu hizo huelewana bila taabu, na mtu wa Kitui husoma Biblia ile bila mkalimani. Hata hivyo kuelewa kitabu ni jambo moja na kujiona ndani yake ni jingine. Maandishi ya Kitui yalikuwa yameanza yakakatwa, na yaliyokuja badala yake yalikuja yakiwa yamekwisha kusanifishwa kwingine. Makueni nayo ina kisa chake cha namna nyingine. Nzaui na Mbooni zilikuwa miongoni mwa milango ya misheni, lakini kwa kuwa sehemu zote hizo zilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipofanywa wilaya mwaka 1992, usemi wake ulihesabiwa tu kuwa ni wa Machakos. Tena nyanda za chini za Makueni zilipata wakazi wengi kwa mpango wa makazi ulioanzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, baada ya vichaka vyenye ndorobo kufyekwa. Watu waliteremka kutoka vilima mbalimbali vilivyojaa, na mtoto aliyezaliwa pale alikua baina ya semi kadhaa. Mahali kama hapo ndipo mwanaisimu angependa kupeleka kinasa sauti kwanza. Wageni wengi walipita tu katika gari moshi la Makindu na Kibwezi.

Baada ya vita vya pili Wakamba wenyewe walianza kuwamo katika kazi hii kwa majina yao. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alichapisha hadithi ya Mũtũnga na Ngewa Yake mwaka 1954, akiwa kijana. Kwamba kitabu hicho kilitoka kwa mtoto wa Mulango, kituo kilichokuwa cha Wajerumani, lakini kwa tahajia aliyoikuta katika shule za AIM, kunaeleza historia yote tuliyoipitia kwa mfano mmoja. Mwaka 1962 W. H. Whiteley na M. G. Muli walitoa utangulizi wa Kikamba kwa wanafunzi, kitabu kidogo ambacho bado ndicho mlango mzuri kwa anayeanza. Whiteley ndiye pia aliyeshughulikia uchunguzi wa matumizi ya lugha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1972, na kitabu chenyewe kikatoka mwaka 1974. Ni mojawapo ya mara chache ambapo swali la Fishman liliulizwa nchini kwetu kwa upana.

Shule nazo zilikuwa zikivuta huku na huku. Tume ya Ominde ya 1964 ilielekea upande wa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha nyingi, Kikamba kikiwamo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani. Kikamba hakikuwa na mtihani, na somo lisilo na mtihani kila mwalimu anajua linavyotendewa ratiba inapobana. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, umerudisha lugha za kienyeji katika Gredi ya 1 hadi ya 3. Kwa hiyo suala la Kikamba gani kiandikwe katika kitabu cha mtoto wa Mwingi, na kipi katika cha mtoto wa Kibwezi, si suala la wapenda mambo ya kale.

Ziko nguvu nyingine zilizoisaidia lugha bila kuagizwa na mtu. Muziki wa benga wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa mmoja wao. Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, aliimba kwa Kikamba na Kiswahili, na santuri zake zilifika mbali na Ukambani. Tangu utangazaji ulipofunguliwa kwa kampuni za watu binafsi, redio za Kikamba, Musyi FM ikiwa maarufu miongoni mwake, zimeipa lugha hii habari za siasa, bei za mifugo na mahubiri, yaani kazi ambazo zamani zilikuwa za Kiswahili peke yake hewani. Redio lakini humfikia msikilizaji, haimlazimu kujibu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sensa ya 2009 iliwahesabu Wakamba 3,893,157 nchini Kenya. Ile ya 2019 iliwahesabu 4,663,910. Kaunti ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187, na Makueni 987,653. Takwimu hizi hutajwa mara nyingi kuthibitisha kwamba Kikamba ni lugha isiyo na wasiwasi, na hata baadhi ya wenzetu vyuoni huziandika chini ya kichwa cha idadi ya wasemaji. Lakini takwimu hizo ni za kabila. Mtu aliyezaliwa Nairobi na wazazi wa Kitui, ambaye Kikamba chake ni cha salamu tu, amehesabiwa humo sawasawa na bibi yake wa Mutomo. Mhesabu aliyekwenda kwa Wasegeju angewakuta Wasegeju wengi pia, maana jina halikupotea.

Mfano wa mbali utatusaidia kuona hatari ya kosa hili. Katika Singapore kundi kubwa kuliko mengine miongoni mwa Wachina lilikuwa la wenye asili ya kusini mwa Fujian, ambao lugha yao ni Kihokkien. Ilikuwa lugha ya soko na bandari, na hata Wachina wa makundi mengine waliijifunza. Mwaka 1979 serikali ya Lee Kuan Yew ilianzisha kampeni ya kuwataka Wachina waseme Kimandarini na kuacha kile ilichokiita lahaja. Kufikia sensa ya 2020, wakazi waliotumia lahaja yoyote ya Kichina kuliko lugha nyingine nyumbani walikuwa asilimia 8.7 tu. Wahokkien bado wako, na wakiulizwa asili yao wataitaja. Kuhama huko kulionekana waziwazi kwa sababu moja: tangu 1980 sensa ya huko imekuwa ikiuliza lugha ya nyumbani. Kenya haina kampeni ya aina ile, na ni vizuri isiwe nayo. Lakini mtoto wa mjini Kitui, Wote au Mtito Andei haihitaji kampeni ili atambue kwamba uwanjani husemwa Kiswahili, na darasani Kiingereza. Mahali ambapo wazazi wote wawili ni Wakamba na bado humsemesha mtoto kwa Kiswahili ili asichelewe shuleni, lugha imekwisha kupoteza kazi ambayo redio haiwezi kuirudisha.

Kwa hiyo utafiti unaohitajika sasa ni wa namna ambayo Krapf, Last na AIM hawakuwa na haja nayo. Uwe wa nyumba kwa nyumba, katika vijiji vya Mumoni na katika makazi ya Makueni, na katika mitaa ya miji midogo iliyo kando ya barabara ya Mombasa. Uandike nani anamjibu nani kwa lugha gani, nyanya na mjukuu, mama na mwana, ndugu na ndugu. Watoto wanaposemezana wao kwa wao ndipo ushahidi ulipo. Ufanywe kwa usemi wa Kitui na wa Kilungu kama ulivyo, bila kuusahihisha kwa kipimo cha Biblia ya 1956. Idara zetu zinao wanafunzi waliozaliwa katika nyumba hizo, jambo ambalo Brutzer hakuwa nalo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kamusi moja.

Mwaka 2014 ilichapishwa tafsiri mpya ya Agano Jipya kwa Kikamba, iliyofanywa na Mbiti mwenyewe moja kwa moja kutoka Kiyunani. Mtu wa Mulango alikuwa amelirudia andiko lile lililotoka kwanza mwaka 1920 kwa mikono ya wageni. Aliifanya kazi hiyo akiishi Burgdorf, Uswisi, alikofariki mwaka 2019.